Watoto wa Kibaha na Kisarawe Mbele ya Kamera

Mama mwenzetu, kabla hujaendelea kusoma, chukua albamu yako ya nyumbani, au simu yako kama huna albamu, utafute picha moja tu ya mwanao ambayo ungependa aione atakapokuwa mtu mzima. Sisi tulifanya hivyo jioni moja ya mwezi Septemba, tukiwa akina mama watatu wa ushirika mmoja jijini Dar es Salaam, na kwa kweli tuliona haya. Tulikuwa na mamia ya picha za keki, za sare za harusi, na za sisi wenyewe tulipopendeza. Za watoto zilikuwepo pia, lakini wengi wao walisimama wima kama askari wa gwaride, mikono imebana mapajani, uso umekunjamana kwa jua. Mmoja wetu alikuwa na picha kumi na tisa za kitinda mimba wake, na katika zote kumi na tisa ilikuwa dhahiri kwamba mtu fulani pembeni alikuwa akimwamuru, "Cheka basi!"

Basi akina mama wenzetu wa Kibaha walipotuomba tukawapigie watoto wao picha siku ya Mikaeli na Watoto, tuliitikia kwa furaha, ila mioyoni tulikuwa na hofu. Mmoja wetu ana kamera ya mtumba. Sisi wawili wengine tuna simu tu.

Kwa msomaji asiyeijua sikukuu hii, ni siku ambayo Walutheri huwaachia watoto uongozi wa ibada, karibu na tarehe 29 Septemba, siku ya Malaika Mikaeli. Watoto husoma masomo, huimba, na husema ngonjera walizofundishwa wiki nyingi. Kila mama huwa ameshona au amenunua kitu kipya. Hakuna siku katika mwaka ambayo watoto wa usharika hupendeza kama hiyo, na hakuna siku ambayo picha zao huharibika kwa wingi kama hiyo.

Jua la Maili Moja

Kibaha iko kama kilometa 40 kutoka Dar es Salaam, kwenye barabara ya Morogoro, nayo ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Wengi wetu huijua kwa kupita tu, tukinunua maembe au korosho dirishani mwa basi. Aliyeshuka na kuingia ndani huikuta ni mji wa shule na hospitali. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa nchi za Nordiki, na mwaka 1970 likakabidhiwa kwa serikali yetu. Hospitali ya Tumbi, shule na chuo cha wananchi, vyote ni matunda ya shina hilo. Mtaa mmojawapo wa mji huu unaitwa Picha ya Ndege. Kondakta alipoutaja kwa sauti, tulitazamana tukacheka, maana mmoja wetu alikuwa ameipakata kamera yake kama mtoto mchanga.

Tulishuka Maili Moja mapema, tukapokelewa kwa chai na mihogo ya kuchemsha. Ibada ilikuwa nzuri. Ilipokwisha ilikuwa imekaribia saa sita mchana, na hapo ndipo tulipofanya kosa letu la kwanza. Tuliwapanga watoto wote mbele ya kanisa, warefu nyuma, wafupi wamechuchumaa mbele, mistari minne, jua likiwawakia.

Mpango huo wa mistari tumeurithi. Wamisionari wa zamani walipenda sana kupiga picha za shule zao, watoto wamepangwa safu kwa safu, na kila mmoja anamtazama Mzungu mwenye kamera. Miaka mia moja na zaidi imepita, bado tunawapanga vilevile, kana kwamba tunataka kuwahesabu.

Mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, huku kwetu Pwani, jua la adhuhuri hupita karibu kabisa juu ya utosi. Mtoto aliyesimama chini ya jua hilo huwa na paji la uso linalong'aa, na chini ya nyusi panakuwa na mashimo mawili meusi mahali pa macho. Tulipiga picha zaidi ya arobaini. Tulipozitazama baadaye, hatukuona hata moja ambayo mama angeweza kusema, "Huyu ndiye mwanangu."

Katika mstari wa pili alikuwepo binti wa miaka minane mwenye ualbino. Alikuwa amesema ngonjera yake bila kukosea hata neno, lakini pale nje alifumba macho kabisa, machozi yakimtiririka. Sisi tuliendelea kumwambia afumbue. Mama yake hakutugombeza. Alikuja taratibu, akamvalisha kofia pana, akamshika mkono akampeleka chini ya mwembe uliokuwa nyuma ya kanisa. Watoto wenzake, ambao nao walikuwa wameshachoka, wakamfuata mmoja mmoja bila kuambiwa. Baada ya dakika chache sisi ndio tuliobaki juani.

Chini ya mwembe ule ndipo picha zilipoanza kupatikana. Kivuli cha mti mkubwa huwa na mwanga mpole unaotoka pande zote, na uso wa mtoto hauna haja ya kujikunja. Ila angalia kivuli kisiwe cha matundu, maana vidoa vya jua vinavyopenya kwenye majani humfanya mtoto aonekane ana madoa usoni. Msogeze mpaka pale ambapo kivuli ni kizima, umgeuze atazame upande wenye uwazi. Kama mti hakuna, baraza hufaa, na mlango ulio wazi pia hufaa. Tena muda bora ni asubuhi hadi kama saa tatu, au kuanzia saa kumi alasiri. Mama yule alituambia jambo ambalo tungepaswa kulijua: macho ya mtoto mwenye ualbino hayavumilii mwanga mkali, na flashi ya karibu humuumiza. Tangu hapo flashi zetu tulizizima kwa watoto wote, na hatukuona hasara yoyote.

Kwa nini nyuso zetu zilipotea

Mwenyeji wetu alituonyesha picha ya kipaimara ya miaka ya themanini. Wasichana sita wamevaa magauni meupe. Magauni yanaonekana vizuri mno, hata mikunjo ya pasi unaiona. Nyuso ni giza, na ndani ya giza hilo kuna meno. Mwenyewe alicheka akasema, "Mimi ni wa tatu kutoka kushoto. Najijua kwa viatu."

Sisi sote tumekua na picha za namna hiyo, tukadhani ni uzembe wa mpiga picha, au, jambo baya zaidi, kwamba ni weusi wetu umezidi. Ukweli ni mwingine. Kule Marekani, kampuni ya Kodak iliwapa wasafishaji wa picha kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, ili wapime rangi kwa kufuata ngozi yake. Kadi hizo ziliitwa kadi za Shirley. Mikanda yenyewe ilitengenezwa kwa kufikiria ngozi nyeupe. Miaka mingi familia za Weusi ziliona watoto wao wakipotea katika picha za darasa. Mabadiliko yalianza kupata nguvu miaka ya sabini, watengenezaji wa samani na wa chokoleti walipolalamika kwamba rangi za mbao na za pipi zao hazitofautiani pichani. Msomaji na apime mwenyewe jambo hilo. Sisi lilituuma.

Simu za leo ni bora kuliko mikanda ile, lakini hazijapona kabisa. Ukimpiga mtoto mweusi akiwa amesimama mbele ya ukuta mweupe au mbingu yenye mwanga, simu hutazama ule weupe na kumtia mtoto gizani. Dawa yake ni rahisi. Gusa uso wa mtoto kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga. Simu nyingi zitaonyesha alama ya jua dogo, nawe utaivuta juu kidogo mpaka uso uonekane. Au badilisha mahali. Ukuta wa udongo, majani ya mgomba, mlango wa mbao, kanga iliyotundikwa kambani, vyote hivyo huupa uso nafasi. Na ukiwa na shuka jeupe, mwambie mtu alishike upande wenye kivuli, karibu na mtoto; litarudisha mwanga usoni kama kioo.

Ule urembo unaokuja umewashwa ndani ya simu, unaolainisha na kung'arisha ngozi, uzime. Tulimpiga binti mmoja wa Kibaha bila kujua umewashwa. Alipojiona amekuwa mweupe aliuliza, "Hivi ndivyo ninavyotakiwa kuwa?" Ana miaka kumi tu.

Jambo jingine dogo, nalo lilitusaidia kuliko yote: futa kioo cha kamera ya simu. Simu zetu hukaa mkobani pamoja na mafuta ya mgando, na hushikwa na mikono iliyokanda unga. Nusu ya ule ukungu tuliokuwa tukiulaumu ulikuwa mafuta yetu wenyewe. Ncha ya kitenge safi inatosha.

Shati lililochanika

Jioni ile tulitembelea nyumba za jirani. Uani mwa nyumba moja alikuwepo mvulana wa miaka kama mitano, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, shati limechanika begani, kamasi zimekauka, analia kwa sababu kaka zake wamemwacha. Jua la saa kumi na moja lilikuwa likimwangukia ubavuni. Lo, ilikuwa picha! Mwenye kamera akapiga tatu upesi upesi.

Mama yake akatoka jikoni. Alitusalimu vizuri, akatukaribisha, kisha akaomba aone. Alipoona alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Dada zangu, mwanangu ana nguo. Mbona hamkusubiri nimwogeshe?"

Hatukuwa na jibu. Tungeweza kusema kwamba machozi ni ya kweli, na shati ni la kweli. Lakini sisi wenyewe, je, tungekubali mgeni ampige mwanetu hivyo, aondoke na picha hiyo mkobani? Sote tumeona mabango na kalenda za kuombea misaada, zenye mtoto aliye uchi, nzi machoni, jina hana. Mtoto yule alikuwa na mama, na huenda mama alikuwa amekwenda kisimani dakika ile. Tulizifuta picha zote tatu mbele yake, yeye akitazama kioo mpaka ikawa hakuna.

Akamwogesha. Akamvalisha shati la njano. Mtoto akakataa kupigwa picha kabisa, akajificha nyuma ya gauni la mama yake. Tukakaa chini mkekani, tukanywa chai, tukazungumza habari za ada na bei ya mchele. Kamera ilikaa chini bila kuguswa. Baada ya kama nusu saa mtoto alikuja mwenyewe kuona ile ni kitu gani. Tulimpa aishike, tukamfundisha kubonyeza. Yeye ndiye aliyepiga picha ya kwanza, ya miguu yetu. Ya pili tulimpiga sisi, tukiwa tumekaa palepale chini, macho yetu yakiwa sawa na yake, naye anacheka kwa sababu miguu yetu ilimchekesha.

Tangu siku hiyo hatupigi mtoto tukiwa tumesimama. Ukimpiga kutoka juu, huwa kichwa kikubwa na miguu mifupi, na uso wake huinuka kama mtu anayesubiri adhabu. Chuchumaa, piga magoti, hata lala chini kama ni mchanga anayetambaa. Usivute kwa kidole kukuza picha, sogea wewe. Wala usimwambie acheke. Muulize jambo analolijua, kama vile kuku wake yupi hutaga sana, au nani hukimbia kuliko wote darasani. Halafu piga nyingi, ufute nyingi.

Kabla hatujaaga, mama yule alituomba picha isipelekwe mitandaoni. Alikuwa na haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatukumbusha kwamba habari za mtu si mali ya kila mwenye simu. Lakini hata bila sheria, mama huyajua mambo haya. Picha ya mtoto anayeoga ibaki nyumbani, au isipigwe. Picha yenye nembo ya shule humwambia mgeni mahali pa kumkuta mtoto kila siku. Kwa binti yetu mwenye ualbino, ambaye watoto wenzake nchini wamewahi kuwindwa na kuuawa kwa ajili ya ushirikina, jina na mtaa wake hatukuviandika popote. Picha yake nzuri iko ukutani kwa mama yake.

Kisarawe: picha iliyogandamana na kioo

Siku ya pili tulirudi Dar es Salaam, tukapitia Gongo la Mboto na Pugu, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955. Kutoka hapo barabara inapanda vilima, msitu wa Pugu na Kazimzumbwi uko karibu, na Kisarawe inakupokea kwa upepo ambao Kariakoo hawaujui. Ni nchi ya Wazaramo, ya mikorosho, mihogo na minazi. Wengi wa wenyeji ni Waislamu, na Wakristo nao wana historia ndefu hapa. Misheni ya Maneromango, ndani zaidi, ni ya miaka ya 1890. Majirani wanazikana na kuozeshana bila kuulizana dini. Katika nyumba ya kwanza tuliyobisha hodi kulikuwa na mtoto wa wiki tatu, na bibi yake akatuambia kwa upole kwamba hapigwi picha mpaka arobaini ipite. Tulishika shikamoo zetu tukaendelea.

Tulikuwa tumeagizwa kwa mama mmoja mwenye umri wa miaka hamsini na kitu. Alitukalisha barazani, akaingia ndani, akatoka na fremu iliyofungwa kwenye kanga. Ndani kulikuwa na picha ya studio ya mtoto wa kike wa miaka minne, amesimama kando ya ua la plastiki, gauni la bluu, miguu mitupu. Alikuwa mwanawe wa kwanza. Malaria ilimchukua mwaka 2001, miezi miwili baada ya siku ile ya studio. Nyingine hakuna. Mkanda wa picha haujulikani ulipo, na studio ile imeshakuwa duka la vocha na soda.

Unyevu wa Pwani, mama mwenzetu, ni adui wa picha. Picha ikikaa imebanwa na kioo miaka mingi, hushikana nacho kama ngozi. Fundi mmoja alikuwa amejaribu kuibandua ili aitoe nakala, na kona ya chini ikabaki kwenye kioo pamoja na nusu ya ua. Mama akamnyang'anya. Kwa miaka kumi na zaidi hakumruhusu mtu mwingine kuigusa.

Alituuliza kama tunaweza. Tulimwambia kwamba tutaweza tusipoibandua. Picha iliyogandamana na kioo haivutwi wala hailowekwi na mtu asiyefundishwa kazi hiyo. Hupigwa picha ikiwa humohumo ndani ya kioo. Kwanza tulifuta kioo kwa kitambaa laini kikavu. Tukailaza fremu juu ya meza barazani, mahali penye mwanga lakini pasipo jua. Tatizo ni kwamba kioo huonyesha kila kitu kilicho juu yake, yaani dari, simu, na nyuso zetu watatu. Basi tulichukua kitenge cheusi, tukatoboa tundu dogo kwa ajili ya jicho la kamera, tukakishika wawili kama chandarua juu ya meza. Taswira zetu zikapotea kwenye kioo. Wa tatu akapiga, kamera ikiwa sawasawa juu ya picha, isiinamie upande. Mara ya kwanza mkono ulitetemeka. Mara ya sita ikapatikana, na tulipoikuza kwenye simu tukaziona hata shanga za shingoni.

Mama alikuwa amesahau shanga zile. Zilikuwa za mama yake.

Tulirudi mwezi Novemba na bahasha mbili. Tulikuwa tumezisafisha picha kwa ukubwa wa inchi 4 kwa 6, maana simu huibwa, huanguka majini, au hufa tu yenyewe, na akina mama wanne wa Kibaha walikuwa wamepoteza hivyo picha zote za utoto wa watoto wao. Nyuma ya kila picha tuliandika jina, mahali na tarehe kwa penseli, bila kukandamiza. Kibaha walizigombania. Mvulana wa shati la njano hakuitaka yake. Alitaka ile ya miguu, na kwa bahati tulikuwa tumeisafisha nayo.

Kisarawe tulifika jioni. Nakala mpya tuliiweka kwenye fremu yenye kingo za karatasi nene, ili isiguse kioo. Ile ya zamani mama aliifunga tena kwenye kanga yake. Mjukuu wake wa miaka sita, mtoto wa mwanawe wa kiume, alikuja kutazama. Aliambiwa huyu ni shangazi yako. Akamtazama muda mrefu, kisha akauliza inawezekanaje shangazi awe mdogo kuliko yeye.

Bibi yake akamwambia asogeze kigoda, akae, amsimulie.